Siku Tatu za Mzee: Ngao ya Kale Dhidi ya Utapeli wa Leo

Ni nadra kumpata mwenye simu ya mkononi nchini Tanzania ambaye hajapata kuusoma ujumbe ule mfupi unaosema kwamba ile fedha itumwe kwenye namba hii, kisha likafuatia jina la mtu asiyejulikana. Vijana huucheka na kuufuta. Wengine wameugeuza mzaha wa barazani. Hata hivyo, ujumbe huo umedumu kwa miaka mingi, na hakuna biashara, hata iwe ya haramu, inayodumu miaka mingi bila ya kuwa na chumo. Yuko mtu anayeujibu, na si ajabu mtu huyo akawa mzazi wetu.

Tuangalie sababu yake. Ujumbe huo haumlengi mtu mmoja. Hutumwa kwa namba nyingi kwa mkupuo, kama mvuvi anayetandaza jarife bila ya kujua ni samaki gani atakayenasa. Miongoni mwa wanaoupokea hakosekani mzee ambaye asubuhi hiyo hiyo ameahidi kumtumia fundi fedha ya bati, au mjukuu aliye chuoni sehemu ya ada iliyobaki, au mwenye duka deni la mwezi uliopita. Kwa mzee huyo, maneno "ile fedha" si fumbo. Anaijua ni fedha gani, anamjua anayemdai, na anaona haya kumcheleweshea mtu haki yake. Anatuma. Jioni mdai halisi anapopiga simu kuulizia, ndipo ukweli unapodhihiri.

Tumeanza na mfano huu ili tuondoe dhana moja iliyoenea majumbani, kwamba mzee aliyetapeliwa ameponzwa na uzembe, tamaa au upungufu wa akili. Mzee huyu hakutamani cha mtu. Alitaka kulipa deni. Kilichomnasa ni uaminifu wake. Hapa ndipo ulipo ubaya wa pekee wa utapeli unaowalenga wazee: laghai hachungulii maovu yao, huchungulia mema yao. Huruma kwa mwana, hofu ya kula haramu, heshima kwa mwenye cheo, shauku ya kwenda Makka kabla ya mauti, yote hayo huyageuza kuwa ndoana. Kisha juu yake huweka mambo mawili ambayo hayakosekani katika kila ghilba: haraka na siri.

Mlango wa simu

Huduma za fedha kwa simu zilianza kuenea nchini mwaka 2008, na hakuna shaka kwamba zimekuwa neema. Mzee wa Mkuranga au Micheweni hahitaji tena kupanda gari kwenda mjini kuchukua alichotumiwa na mwanawe. Lakini mlango uliofunguliwa kwa ajili ya mtoto umefunguka pia kwa mgeni.

Ghilba iliyo mashuhuri, baada ya ile tuliyoitaja, ni ya fedha "iliyotumwa kimakosa". Mzee hupokea ujumbe ulioandikwa kwa mfano wa ujumbe wa mtandao wa simu, ukieleza kwamba amepokea kiasi fulani. Dakika chache baadaye simu inaita. Sauti ni ya unyenyekevu: "Assalaam alaykum, mzee wangu. Shikamoo. Nimekosea namba, hiyo ilikuwa fedha ya matibabu ya mama. Nakuomba kwa ajili ya Allah unirudishie." Mzee anayeogopa kulala na haki ya mwenzake hasiti. Anarudisha, na anachorudisha ni fedha yake mwenyewe, kwa sababu hakuna kilichoingia. Ujumbe ule haukutoka kwenye mtandao wa simu. Ulitungwa na kutumwa na mtu kutoka namba yake ya kawaida.

Kinga ya jambo hili ni nyepesi, ila lazima ifundishwe kwa utulivu. Mzee asiamini ujumbe, aamini salio. Aingie kwenye menyu ya huduma ya fedha na kutazama kiasi kilichomo, au asaidiwe na mtu wa nyumbani anayemwamini. Ikiwa kweli kuna fedha ya mtu imeingia, si lazima airudishe kwa mkono wake. Amwambie aliyepiga awasiliane na mtandao wake, na mzee naye apige namba 100 ya huduma kwa wateja aeleze yaliyotokea. Fedha ya mtu itarudi kwa njia yake, na dhima ya mzee itakuwa imetoka mbele ya Allah. Kwa kufanya hivyo hakumnyima mtu haki, bali ameipitisha haki mahali pake.

Ghilba nyingine ni ile ya kupigiwa na anayedai kuwa ni ofisa wa kampuni ya simu, anayetaka "kuboresha" laini au kuisajili upya, na katika mazungumzo akaomba namba ya siri au tarakimu zilizoingia kwenye ujumbe. Namba ya siri ni ufunguo wa nyumba. Hakuna mtoa huduma halali anayeuomba, na atakayeuomba, hata akitaja jina lako kamili na kijiji ulichozaliwa, mhesabu kuwa mwizi aliyesimama mlangoni. Kisha ipo simu ya usiku, yenye kelele na kilio, inayosema kwamba mwanao amepata ajali au amewekwa rumande, na zinatakiwa fedha kabla hakujakucha. Mama gani atakayesikia hivyo akaanza kuhoji? Na hilo ndilo tegemeo la mwovu: kwamba hofu ya mama itatangulia mbele ya swali lake.

Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania imeweka namba 15040 ya kupelekea taarifa za namba zinazotumiwa na matapeli. Aidha, kwa kubonyeza *106# mtu anaweza kuangalia ni laini gani zimesajiliwa kwa kitambulisho chake cha taifa. Jambo hili la pili lina umuhimu mkubwa kwa wazee, kwani wapo waliowekeshwa alama za vidole na wasajili wa mitaani zaidi ya mara moja, kwa kuambiwa kwamba kidole cha kwanza hakikusoma. Laini iliyosajiliwa kwa jina la bibi yako yaweza kuwa ndiyo inayomlaghai bibi wa mwenzako.

Mlango wa kiinua mgongo

Mtumishi wa umma nchini hustaafu kwa lazima akifika umri wa miaka 60, na kwa hiari kuanzia miaka 55. Siku ile anapopokea kiinua mgongo chake, huenda ikawa ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake kushika kiasi kikubwa namna ile kwa pamoja. Habari hizo hazikai siri. Ndugu wanajua, majirani wanajua, na matapeli nao wanajua.

Wa kwanza kuja ni yule anayejifanya ofisa wa mfuko wa pensheni. Anapiga simu kabla malipo hayajatoka, anataja majina, mahali pa kazi, hata mwaka wa kuajiriwa, kisha anaeleza kwamba faili limekwama na linahitaji "kusukumwa" kwa fedha kidogo. Au anasema kwamba uhakiki wa wastaafu umefika, na asiyelipia ataondolewa kwenye orodha. Mstaafu anapaswa kukumbuka kwamba mafao ni haki aliyoichuma kwa miaka yake ya kazi, na mwenye haki hainunui haki yake. Mwenye shaka aende mwenyewe kwenye ofisi ya mfuko iliyo karibu naye, akiwa na mwanawe au ndugu, asimalize jambo hilo kwa simu.

Wa pili ni yule anayekuja na "mradi". Hapa hatuna budi kukumbushana yaliyopita. Mwaka 2009 serikali iliuzuia mpango uliojulikana kwa jina la DECI, ambao wanachama wake waliambiwa kwamba wanapanda mbegu na baada ya muda watavuna mara kadhaa ya walichopanda. Watu wengi walikuwa wameingiza fedha zao humo, na mashtaka yakafikishwa mahakamani. Baada ya hapo imekuja mipango mingine kwa majina mengine, mara ya mifugo, mara ya sarafu za kidijitali, mara ya kutazama matangazo kwenye simu. Mwendo wake hautofautiani. Wa mwanzo hulipwa kweli, nao ndio wanaokuwa wapiga debe wasiojua. Wanalipwa kutoka kwenye fedha za wanaoingia nyuma yao. Siku wanaoingia wanapopungua, mwenye mpango hutoweka, na anayebaki na kilio ni aliyeingia mwisho. Mara nyingi wa mwisho huyo ni mzee, kwa sababu yeye alisubiri kwanza aone kama jirani yake amelipwa kweli.

Tahadhari zaidi inahitajika mpango unapovikwa kanzu. Siku hizi neno "halali" limekuwa rangi ya kupakia kila ukuta. Msomaji na alishike jambo moja la kifiqhi litakalomsaidia kupima. Katika mudharaba, yaani ushirika ambao mmoja anatoa mtaji na mwingine anatoa kazi, faida hugawanywa kwa sehemu waliyokubaliana, na hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji ikiwa mfanyaji kazi hakuzembea wala hakukiuka. Kwa hiyo, mtu anayekuja na msahafu mkononi akakuahidi kiwango maalumu cha faida kila mwezi, tena akakudhaminia kwamba mtaji wako hautapungua hata shilingi, huyo ameyavunja masharti ya ushirika anaoutaja. Muulize: mnanunua nini, mnauza wapi, nani anakagua hesabu, na nani amewapa leseni ya kukusanya fedha za watu? Mfanyabiashara wa kweli hufurahia maswali hayo. Tapeli hukasirika, au hukushutumu kwamba imani yako ni haba.

Mlango wa Hija na wa afya

Hakuna shauku inayouishi moyo wa mzee wa Kiislamu kama shauku ya kuiona Al-Kaaba. Wapo waliouza minazi, wapo walioweka akiba ya mauzo ya karafuu kwa miaka mingi. Kwa hiyo si ajabu kwamba pana watu wanaofanya biashara ya shauku hiyo. Hutangaza safari ya Hija kwa bei iliyo chini mno kuliko ya taasisi zinazotambulika, hukusanya fedha, kisha hutokea mojawapo ya mambo mawili: ama wanatoweka, ama wanampeleka mzee kwa viza ya matembezi isiyomruhusu kuhiji.

Hilo la pili huenda likawa zito kuliko la kwanza, kwani linagusa uhai. Katika Hija ya mwaka 2024, iliyofanyika katika joto kali, Serikali ya Saudi Arabia ilitangaza kwamba watu 1,301 walifariki dunia, na kwamba zaidi ya wanane katika kila kumi miongoni mwao hawakuwa na kibali cha Hija. Watu hao walitembea masafa marefu juani bila ya hema wala mahali pa kupumzikia. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo wazee na wenye maradhi sugu. Nchini Misri, serikali iliamuru kufutwa kwa leseni za kampuni 16 za usafiri zilizohusishwa na kuwapeleka watu kwa njia hiyo. Tunawaombea waliofariki rehema ya Allah. Lakini walio hai wana haki ya kuambiwa waziwazi kwamba bei nafuu yaweza kuwa imepungua kwa sababu hema, basi na daktari havimo ndani yake.

Anayekusudia Hija aulize kwanza taasisi hiyo inatambuliwa na nani, na athibitishe jibu hilo kwa kuuliza BAKWATA, au kwa upande wa Zanzibar, Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana. Aulize aina ya viza, jina lake lilivyoandikwa, mahali atakapolala Mina, na apate stakabadhi ya kila shilingi. Akiona hawezi kwa mwaka huu, asihuzunike. Sheria imeifaradhisha Hija kwa mwenye uwezo, na asiyekuwa nao hana dhambi, wala hakuamrishwa kuununua uwezo kwa mlaghai.

Kuhusu afya tutasema kwa ufupi. Mwenye kisukari au shinikizo la damu anajua kwamba atatumia dawa kwa muda mrefu, na hilo humchosha. Anapokuja mtu na kishikio cha chuma kilichounganishwa na kompyuta, akadai kwamba kwa kukishika tu atasoma maradhi ya mwili mzima, kisha akauza makopo ya virutubisho kwa bei ya mbuzi wawili, mzee huona amepata nafuu. Hatari kubwa zaidi huwa pale anapoambiwa aache vidonge vya hospitali. Tiba za asili zina heshima yake katika jamii yetu, na zina sheria yake tangu mwaka 2002 pamoja na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala linalosajili waganga na dawa. Asiyeonesha usajili, na anayekutaka uache dawa bila ya kumuona daktari wako, asipewe hata nauli.

Mlango wa ndani

Ingekuwa dhulma tuwataje wageni na kuwanyamazia wenyeji. Si kila anayemnyang'anya mzee yuko mbali. Yupo mjukuu anayeijua namba ya siri ya bibi kwa sababu ndiye anayemsaidia kutoa fedha, na kila mwezi hutoa pamoja na ziada. Yupo mwana anayemletea baba karatasi ya kutia dole gumba, akimwambia ni ya maji, kumbe ni ya kiwanja. Qur'ani Tukufu imeharamisha kuliana mali kwa batili, na udugu hauigeuzi batili kuwa haki. Kinyume chake, anayemdhulumu mzazi amekusanya madhambi mawili kwa tendo moja.

Munqidh na siku tatu

Sasa tufike kwenye swali linalozihusu familia. Mzee wetu ametapeliwa. Tufanye nini? Katika nyumba nyingi jibu ni makelele. Watoto wanapiga simu kutoka mjini, mmoja baada ya mwingine, wakimlaumu. Simu inachukuliwa, kadi ya benki inafichwa, na kuanzia siku hiyo mzee anaomba fedha ya sukari kama mtoto. Mara ya pili anapotapeliwa, hasemi. Amejifunza kwamba kusema kunamgharimu heshima, na heshima kwake ni ghali kuliko fedha. Hivyo hasira zetu zinamlinda tapeli, kwa sababu zinamhakikishia siri.

Sunna inatuonesha njia nyingine. Imepokewa katika vitabu vya hadithi habari ya swahaba mmoja wa Madina aliyekuwa akihadaiwa katika biashara. Mapokezi mengine yanamtaja kuwa ni Habban bin Munqidh, na mengine yanamtaja baba yake, Munqidh bin Amr. Alikuwa amepata jeraha la kichwani lililouathiri ulimi wake na uwezo wake wa kupambanua, lakini hakuacha kuuza na kununua, na kila mara akipunjwa. Jamaa zake walimwendea Mtume (s.a.w.) wakaomba azuiwe asifanye biashara kabisa. Mtume (s.a.w.) alimwita na kumkataza. Yule bwana akajibu kwamba hawezi kuvumilia kukaa bila ya kuuza na kununua.

Tuzingatie kilichofuata. Mtume (s.a.w.) hakumkemea, wala hakumnyang'anya mali yake na kuwakabidhi jamaa zake. Alimfundisha neno la kumwambia kila anayefanya naye biashara, nalo ni kwamba pasiwe na hadaa. Na katika mapokezi mengine, alimpa hiari ya siku tatu kwa kila anachonunua: akiridhika abaki nacho, asiporidhika amrudishie mwenyewe. Kutokana na habari hii, wanazuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa zaidi katika mwambao wetu, wameiwekea hiari ya sharti katika mauziano kikomo cha siku tatu.

Habari haikuishia hapo. Inasimuliwa kwamba bwana huyo aliishi umri mrefu mpaka zama za ukhalifa wa Uthman (r.a.), wakati watu walipokuwa wengi sokoni. Alikuwa akinunua na kupunjwa, anarudi nyumbani, jamaa zake wanamlaumu, naye hukirudisha kitu kwa aliyemuuzia. Muuzaji alipokataa, hupita mmoja wa maswahaba akashuhudia kwamba mzee huyu amesema kweli, Mtume (s.a.w.) alimpa siku tatu. Muuzaji humrudishia fedha yake.

Katika habari hii mna mambo matatu ambayo ndiyo tunayotaka kila familia iyachukue: neno la kusema, siku za kungoja, na shahidi wa kusimama upande wa mzee. Hatusemi kwamba utaratibu tunaoupendekeza hapa ni hukumu ya kifiqhi. Ni mpango wa nyumbani ulioazima nuru kutoka humo.

Neno. Mzee na afundishwe sentensi moja, aizoee mpaka iwe nyepesi mdomoni: "Mwanangu, kwetu hatutoi fedha kabla ya siku tatu. Niachie jina lako na namba yako." Sentensi hii haimtukani mtu, haihitaji ujuzi wa simu, wala haimtaki mzee atambue aina ya utapeli. Aina hubadilika kila mwaka, sentensi haibadiliki. Anayeambiwa hivyo akakasirika au akatisha, tayari ameshajitambulisha.

Siku tatu. Ghilba huishi kwa haraka kama samaki anavyoishi kwa maji. Ofa inakwisha leo, nafasi ya Hija imebaki moja, faili litafungwa saa tisa. Kila linaloweza kungoja siku tatu likangoje. Kiwanja halali kitakuwapo, mradi halali utakuwapo, na taasisi halali ya Hija haitafungwa. Huenda msomaji akauliza kuhusu dharura ya kweli, kama ajali. Kwa hilo siku tatu hugeuka kuwa simu tatu: apigiwe mhusika mwenyewe kwa namba yake ya siku zote, apigiwe ndugu mwingine, na ipigwe hospitali au kituo kilichotajwa. Dakika kumi zinatosha kumaliza simu hizo.

Shahidi. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inazungumzia kuandikiana madeni na kuweka mashahidi. Ndani yake amekumbukwa hata mwenye kudaiwa aliye dhaifu au asiyeweza kusema mwenyewe ya kuandikwa, na msimamizi wake akapewa jukumu la kuyasema kwa uadilifu. Kwa hiyo mzee achague mwenyewe, kwa hiari yake, mtu mmoja au wawili wa kushauriana nao kabla ya fedha kubwa kutoka. Tunakazia neno "mwenyewe". Shahidi aliyechaguliwa na mzee ni msaada. Aliyewekwa juu yake kwa nguvu ni askari. Naye shahidi ajue kwamba kazi yake ni kuuliza na kuandika. Kuishika mali si kazi yake, na asiijue namba ya siri ila kwa dharura isiyo na budi.

Maji yakishamwagika

Ikiwa fedha imeshatoka, hapo haraka inageuka kuwa wajibu. Ipigwe namba 100 mara moja kuomba muamala uzuiwe, kwani fedha ambayo bado haijatolewa kwa wakala yaweza kuzuilika. Ujumbe usifutwe, ndio ushahidi. Namba ya tapeli ipelekwe 15040. Kisha mzee asindikizwe kituo cha polisi kuandikisha taarifa na kupewa namba ya kumbukumbu. Udanganyifu wa aina hii ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kwa hiyo asione kwamba anakwenda kuomba fadhila. Na familia ikae macho, kwani baada ya siku chache huja mtu mwingine anayedai kwamba anaweza kuirudisha fedha ile kwa malipo kidogo. Huyo mara nyingi ni ndugu wa yule wa kwanza katika uovu, kama si yeye mwenyewe.

Nyumbani, ulimi uzuiwe. Qur'ani imetukataza kuwatamkia wazazi waliofikia uzee hata neno dogo la kuchoshwa nao. Katazo hilo halikuwekewa sharti kwamba mzazi awe hajapoteza fedha. Mwana anayetaka kusema neno aseme hili: "Baba, pole. Umefanya vyema kutuambia." Maneno hayo yatamlinda baba mwaka ujao kuliko kufuli lolote.

Kwa maimamu na walimu wetu tuna ombi. Wazee wengi hawasomi matangazo ya mitandaoni, lakini wanahudhuria sala ya Ijumaa, darsa za wanawake na maulidi. Dakika tano baada ya sala, mara moja kwa mwezi, zatosha kueleza ghilba moja iliyotokea mtaani, bila ya kumtaja aliyefikwa. Katika msikiti wenye vijana wanaojua mambo ya simu, wateuliwe wawili waaminifu wanaokaa barazani baada ya Alasiri, ili mzee mwenye ujumbe wa mashaka awaoneshe kabla ya kuujibu. Swahaba yule wa Madina alirudishiwa haki yake kwa sababu palikuwa na mpita njia aliyesimama na kusema kwamba mzee huyu anasema kweli. Wazee wetu nao wanahitaji wapita njia wa namna hiyo, na Ijumaa hii si mapema mno kuanza.